Droo ya Tatu

Cleveland, Februari. Theluji inatoka ziwani
inaingia mjini bila kupiga hodi.
Mimi niko chini ya ardhi, chumba cha majalada,
bomba la joto linakohoa juu ya kichwa changu,
mwaka wa kumi na tisa sasa.

Kiongozi mpya wa mashtaka, Bi Achterberg,
aliahidi wakati wa kampeni, akatimiza:
askari aliyewahi kumdanganya jaji
hatapanda tena kizimba cha mashahidi kwa niaba yetu.
Orodha niliipiga chapa mimi. Majina thelathini na mawili.
Nilikunywa kahawa, nikasahihisha tahajia.
La kumi na saba nililikosea mara mbili:
Kostelnik, Raymond. Sajenti.

Wa redioni wakasema anawafungulia wezi milango.
Wa mabango, barabarani, wakasema amechelewa.
Chama cha polisi kikakodi gari la kipaza sauti
likazunguka jengo letu mchana kutwa
likisoma idadi ya waliouawa tangu mwaka uanze.
Idadi ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma.

Halafu likaja jalada la Lavelle Tubbs,
miaka ishirini na miwili, kituo cha mafuta, saa nne usiku,
chenji ya dola sita bado imo kiganjani.
Bastola ilikutwa chini ya kiti cha gari la mtuhumiwa.
Aliyeikuta: Kostelnik. Peke yake.
Kamera ya kifuani, alisema, iliishiwa chaji.
Labda safari hii alisema kweli.
Mwongo naye ana siku zake za kweli,
ila hana tena pa kuziuza.
Kesi ikafutwa Jumanne, kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi akaja mama yake.
Bi Vernell Tubbs, koti juu ya sare ya hospitali,
viatu vikiacha vidimbwi viwili sakafuni.
Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.
"Nataka jalada," akasema.
Nikamwambia la Lavelle liko juu, ghorofa ya tisa.
"Si la Lavelle. Langu."

Droo ya tatu kutoka chini, mpini una kutu.
Karatasi moja, kalamu ya bluu, ya miaka kumi na moja:
*Askari Kostelnik alimwekea kaka yangu Marquis
pakiti ambayo haikuwa yake.
Nilikuwa dirishani. Niliona. Niko tayari kuapa.*
Chini yake mhuri mwekundu: HAKUNA HATUA.
Na chini ya mhuri, herufi mbili za jina langu,
zimelala ubavu, kwa haraka ya mtu anayewahi basi.

Sikumbuki siku ile. Nimejaribu.
Tulikuwa tunapiga mihuri mia kwa wiki,
ufa tukiupaka chokaa, na chokaa ikikauka vizuri,
na Marquis akikaa ndani miaka minne,
na Kostelnik akipandishwa cheo
mpaka akawa yeye wa kuaminiwa
usiku ambao bastola ya kweli ilihitaji mkono safi.

Bi Vernell akaisoma mara moja tu.
"Kumbe mlikuwa nayo," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeukuta ufunguo mfukoni
baada ya kuuvunja mlango.

Akaomba nakala. Nakala ni senti tano kwa ukurasa,
tangazo limebandikwa ukutani, mwandiko ni wangu.
Nilitaka kusema acha tu, mama.
Akaiweka sarafu mezani, akaisukuma kwa kidole
mpaka upande wangu,
akangoja risiti.

Nikaandika risiti.

Siku hizi, baada ya saa za kazi, nazivuta droo,
natoa karatasi mojamoja,
naangalia pembe ya chini, kulia.
Nimefika herufi D.
Juu, gari la kipaza sauti limerudi;
msomaji ana mafua leo, anakosea namba,
anaanza upya.